Siku yangu ya kazi: kukifuata kichocho Micheweni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshasali. Chai ya rangi, mkate wa jana, watoto nawaachia mama mkwe, na kabla jua halijachomoza vizuri niko maabara nahesabu chupa, fomu za ridhaa, vijiti vya kupimia damu kwenye mkojo na barafu ya kwenye boksi. Saa moja gari linaondoka Chake Chake kuelekea Micheweni, kaskazini ya Pemba.

Mtaani wanasema mimi ni yule dada wa mikojo. Ni kweli, nakusanya mikojo. Karibu kila namba ya wagonjwa wa kichocho wa Pemba iliyowahi kuandikwa kwenye jarida la kitaalamu ilianza ndani ya chupa kama hizi, na mtu wa kwenda kuziomba mlango kwa mlango. Nataka watu wajue kazi hiyo inavyokuwa.

Saa tatu tunafika kwa sheha, kiongozi wa shehia (kijiji). Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa shehia hii alikutwa na mayai ya kichocho kwenye mkojo, akatibiwa. Zamani kazi ingeishia hapo. Siku hizi tunamfuata mpaka kwao, tunawapima wa nyumbani, majirani na wale wanaotumia kijito kimoja naye, na anayekutwa nacho anapewa dawa. Njia hii ya kupima, kutibu na kufuatilia ilijaribiwa huku huku kaskazini ya Pemba kuanzia mwaka 2020, katika utafiti wa SchistoBreak, kwa sababu wagonjwa wakishakuwa wachache kumgawia kila mtu dawa hakutoshi tena. Inabidi uwatafute waliobaki, nao hawana alama usoni.

Saa nne kamili naanza. Nyumba mbili za mwanzo zinakwenda vizuri: salamu, maelezo, sahihi au dole gumba, chupa zinajaa, zinaingia kwenye boksi.

Nyumba ya tatu ilinilia siku.

Mzee alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio watu wa nini?"

Nikaeleza. Akaendelea kuchonga. Akasema wajukuu wamekojoa tangu alfajiri, mbona hatukuja mapema. Nikamwambia mkojo tunauchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

"Kwani mkojo una saa?"

Una saa, babu. Mnyoo wa kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike hutaga humo, na mayai hutoka kwa wingi zaidi karibu na adhuhuri. Mkojo wa alfajiri unaweza kuwa hauna yai hata moja na mtu anaumwa. Akatikisa kichwa, nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza.

"Na kwa nini nyumba yangu? Nani mgonjwa hapa?"

Hapo ndipo kazi inapochosha. Siwezi kumwambia. Majibu ya mtoto wa jirani ni siri ya mtoto wa jirani, hata kama kijiji kizima kimeshaona gari letu limesimama wapi. Nikamwambia tunapima wote wa upande huu. Akaniangalia kwa muda, akaona kuna neno nalibana, akaweka kisu chini.

"Walikuja wengine zamani. Wakachukua mikojo ya wanangu, wakaandika, wakaondoka. Mpaka leo sijaambiwa kitu. Majibu yangu yako wapi?"

Haikuwa timu yetu, lakini sikusema hivyo. Ukishaambiwa umechukua cha mtu ukaondoka nacho, kusema "sikuwa mimi" hakumrudishii kitu. Mzee alikuwa na haki yake. Ila saa ilikuwa imeshafika sita, nyumba nne zilikuwa bado, na boksi langu la barafu lilikuwa juani. Nilimtuma mwenzangu alisogeze kivulini, nikakaa chini ya baraza. Kwa mzee kama huyu hukimbizani na saa.

Akauliza lililokuwa moyoni mwake hasa: dawa wamemeza miaka na miaka, mbona hakiishi?

Nikamweleza kama ninavyojua. Kati ya 2012 na 2017, Unguja na Pemba kulifanywa jaribio kubwa. Watu walipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara mbili kwa mwaka, baadhi ya shehia zikaongezewa kuua konokono kwa dawa, nyingine elimu ya kubadili mazoea ya mtoni. Kichocho kilipungua sana, lakini maambukizi hayakukatika. Prazikwanteli inaua mnyoo mkubwa uliomo mwilini, lakini mnyoo mchanga mara nyingi unaponyoka. Na dawa haimkingi mtu: akirudi kwenye maji yenye konokono wenye vimelea, anaambukizwa upya.

"Hao konokono wa kwenye bonde langu?"

Wale wale, nikamwambia, ingawa si kila konokono mwenye vimelea ana vimelea vya watu. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba hapa Pemba kuna konokono waliokutwa na mnyoo wa ng'ombe, Schistosoma bovis. Vimelea vinavyotoka kwa konokono, vya mtu na vya ng'ombe, chini ya hadubini huwezi kuvitenganisha mpaka upime vinasaba. Kwa hiyo bwawa linaweza kuhesabiwa ni hatari ya kichocho kumbe kilichomo ni cha mifugo. Na linaweza kuwa na vyote viwili.

Mzee akasimama. Ana ng'ombe wawili, na wanakunywa kwenye bwawa ambamo wajukuu wanaoga. Maswali yakamtoka mfululizo: mayai ya ng'ombe yanatokea wapi? Kwenye kinyesi. Dawa ya ng'ombe mnayo? Leo sina kazi na ng'ombe, babu, nenda kwa watu wa mifugo. Alikasirika kidogo kwamba tumekuja na hadubini zetu na ng'ombe hawamo. Halafu akawaita wajukuu mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Mkwewe akatoka na wa mwisho, wa miaka mitatu, akauliza kama naye atapata dawa. Miaka mingi wadogo kama hao waliachwa nyuma kwa sababu kidonge ni kikubwa na kichungu mno. Sasa kuna kidonge cha watoto, arprazikwanteli, kinachoyeyuka majini, cha kuanzia miezi mitatu mpaka miaka sita. Wakala wa dawa wa Ulaya ulikiunga mkono Desemba 2023, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likakiweka kwenye orodha ya dawa lilizozikubali. Mimi bado sijakishika mkononi, na mama huyo nilimwambia hivyo hivyo.

Mzee alitia dole gumba kwa sharti moja: majibu ayasikie kwa sauti yangu, si kwa mtu mwingine. Nikaandika namba yake ya simu. Mjukuu mmoja hakuwepo, yuko chuoni.

Nyumba nne zilizobaki tulizikimbilia. Nyumba moja mama alinivuta nyuma ya jiko. Maumivu ya miaka, damu akiwa na mumewe, na kila akienda kutibiwa anapewa dawa ya maradhi ya zinaa na kuangaliwa vibaya. Mayai ya kichocho hayaishii kwenye kibofu. Kwa wanawake yananasa kwenye mlango wa kizazi na ukeni, na huenda mkojoni usiyaone hata moja. Nilimwandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya, "kichocho cha via vya uzazi" kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Aliikunja mpaka ikatosha kwenye kiganja.

Chakula cha mchana sikumbuki kama tulikula.

Maabara jioni ni mkono na jicho tu. Tikisa chupa ili mayai yasibaki chini, vuta mililita kumi kwa bomba, sukuma taratibu kupitia kichujio, kitoe kwa kibano, kilaze kwenye slaidi, tone la ayodini, chini ya hadubini. Yai la kichocho huwezi kulisahau ukishaliona: refu, limechongoka ncha moja kwa mwiba mdogo kama punje ya mpunga. Hesabu ya hamsini na kuendelea ni maambukizi mazito. Siku hizi kinachokuja ni sufuri, sufuri, sufuri. Mgongo unauma, macho yanawasha, na sufuri ndiyo inayotaka umakini kuliko zote. Kipimo cha antijeni, yaani chembe za mnyoo zinazotokea mkojoni, kilichojaribiwa kwa mikojo ya Zanzibar, matokeo yakatolewa 2015, kilikamata maambukizi ambayo vichujio vyetu viliyakosa. Najua basi kwamba yai moja linaweza kuwa pembeni kabisa mwa kichujio, na nasoma kila slaidi ukingo mpaka ukingo, hata ya mwisho, hata umeme ukikatika na kurudi.

Slaidi moja ilikuwa na mayai manne. Mwenzangu akaisoma bila kuambiwa hesabu yangu, naye akaandika manne. Ni mtoto wa nyumba ya pili, atapata dawa yake.

Baada ya isha nilimpigia mzee. Nikamwambia wajukuu wote tuliowapima hatukuona yai, na nikamweleza kwamba tutawarudia kupima tena. Akanyamaza kidogo.

"Na yule aliyekuwa chuoni?"

"Yeye bado, babu."

"Basi nitamtuma kwa sheha kesho asubuhi mapema."

"Saa nne," nikamwambia. "Si kabla."