Makobazi ya Shemeji

Fundi viatu wa pale karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma, ndiye aliyeniharibia wiki, na wala hakunitukana. Alinikabidhi makobazi yangu yameshonwa vizuri, uzi wa nailoni umezunguka kote, soli imeshika. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Dada, haya ya shemeji tayari. Mwambie asiwe anaburuza miguu, soli inaisha upande mmoja."

Nikajibu, "Nitamwambia."

"Mzito, eti?"

"Kiasi."

Nikalipa nikaondoka. Basi, ni hayo tu. Mnaonifahamu mnajua kwamba shemeji hayupo, hajawahi kuwapo, na yule aliyekaribia kuwapo nilimwandika humu mpaka mkanichoka. Makobazi ni yangu. Namba 43. Niliyachambua mwenyewe kwenye rundo la wanaume, maana rundo la kina mama likifika 41 muuzaji anakuangalia kama vile amekufanyia upendeleo. Mama anasema miguu hii ni ya baba, mikono pia, na kwamba nishukuru sikuchukua na masikio.

Sasa nimekaa na lile jibu langu. "Nitamwambia" naweza kulisamehe. Jua kali, mfuko wa mgebuka mkononi, nani anataka kuanza kujieleza mbele ya wateja wengine kwamba jamani mguu huu mnaouona ndio wenye kiatu? Ila hilo "kiasi"! Niliulizwa uzito wa mtu asiyekuwepo, nikafikiri kidogo, nikampunguzia. Kwa nini nilimpunguzia? Usiku nimelala nairudia: Mzito, eti? Kiasi. Mara nyingine najibu, "Ni yangu, fundi," na yeye anaona haya. Mara nyingine najibu, "Mzito sana, anakula ugali wa watu wawili," na tunacheka wote. Nikiamka bado ni kiasi.

Wakati huohuo kaka amepeleka mahari Kasulu na yamepokelewa, ofisi yetu imeambiwa ihamie jengo jingine kabla ya mwisho wa mwezi na bosi wa mihuri hataki kusikia, na Tatu amepata matokeo yake, mazuri. Nitayaandika siku nyingine.

Niliahidi kusema nimesoma nini na nimetazama nini, basi niseme, ila mjue wiki hii yote nimekuwa naangalia miguu ya watu.

Peponi nimeimaliza. Ni ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Niliwahi kuianza nikaiweka kando, kwa sababu kile kijana Yusuf anachofanyiwa pale mwanzo, kuchukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake, kilinikaa vibaya. Safari hii niliendelea hadi kwenye msafara, na hapo sikuiweka chini tena. Nadhani mtu wa Kigoma anaisoma tofauti na mtu wa pwani. Wao wanaondoka nyumbani kuelekea bara, njia inazidi kuwa ya kutisha, wanavuka ziwa. Mimi naisoma nikiwa upande huu, bara yenyewe ndiyo kwetu. Wageni wanakuja na bidhaa zao na hofu zao, nami niko huku nawangoja. Kuna kurasa nilitamani wafike upesi, kuna kurasa nilitamani wasifike kabisa.

Halafu nikaanza kuuliza swali langu la wiki. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Tumefundishwa pembe, tumefundishwa watumwa, tumefundishwa Stanley na Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871, na kila mgeni akija tunampeleka pale Ujiji akapige picha. Miguu je? Mtu anayebeba pembe begani kwa miezi, kwenye mawe na miiba, nyayo zake zinakuwaje akifika? Hakuna mwalimu aliyewahi kunigusia hilo. Mimi kutoka Mwanga hadi Kibirizi kwa miguu tu, na makobazi yakiwa mazima, nakaa kitako nikifika.

Filamu ni mbili. Ya kwanza ni Vuta N'kuvute, nimeirudia. Kitabu cha Adam Shafi cha mwaka 1999 kiko moyoni mwangu tangu sekondari, kwa hiyo niliitazama hii ya Amil Shivji ya 2021 nikiwa nimekunja uso, tayari kugomba. Sikupata nafasi kubwa ya kugomba. Ni nzuri kwa macho, Unguja ya wakati wa mkoloni inang'aa mpaka unataka kugusa kuta. Ila kitabu kina nafasi ya watu kuzunguka na kupiga soga, filamu haina muda huo, na anayeumia zaidi kwangu ni Mwajuma. Msinipige: Yasmin na Denge wapendane wanavyotaka, mimi nilikuwa namfuata Mwajuma. Mwanamke anayeimba taarabu, anayemfungulia mlango msichana aliyemkimbia mume mzee, na bado maisha yake mwenyewe yanamsubiri pembeni. Ningempa kitabu kizima.

Ya pili niliwekewa kwenye flashi na mzee wa masijala, The African Queen, ya mwaka 1951. Alisema, "Itazame, kuna meli yetu humo." Ni kweli, kwa namna fulani. Ile manowari ya Wajerumani iliyomo kwenye hadithi ilitokana na Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Kwenye filamu inalipuka vizuri, watu wanapona na kuogelea wakiimba. Yenyewe haikulipuliwa na mapenzi ya mtu yeyote. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Bibi alipanda ile meli na mbuzi wake wawili. Hiyo nayo ingekuwa filamu. Kuna sehemu Humphrey Bogart anaingia majini kuivuta boti, akitoka amejaa miruba mwili mzima, nikapiga kelele mpaka Tatu akaja mbio. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo na mimi sina pingamizi.

Muziki ni uleule wa mama, nimeshindwa kutoka humo. Tabora Jazz. "Dada Asha" inapigwa kwenye simu yangu asubuhi kabla ya chai. Shem Karenga wa bendi hiyo ni mtoto wa hapahapa, na mama akisikia gita linaanza tu anaacha kuchambua mchele. Juzi alisimama akanionyesha walivyokuwa wanacheza na raizoni, vile viatu vya soli ndefu, na suruali ya bugaluu inapepea chini. Nikamuuliza, namba yako wakati huo ilikuwa ngapi? Akasema, "Thelathini na saba. Nilikuwa mdogo wa mguu, mkubwa wa mambo." Akakaa.

Ijumaa nikapita tena pale sokoni, na nilikuwa nimevaa simpo zangu nyeusi zinazonibana, kwa sababu makobazi ningeyavaaje mbele yake? Hapo ndipo mjue nimefikia wapi. Fundi akaniona kwa mbali, akainua nyundo kunisalimia.

"Dada! Shemeji hajambo?"

Nikasema, "Hajambo. Kasafiri."

"Kaenda wapi?"

"Kasulu."

"Akirudi aje nimpime. Kuna soli ya tairi hapa, nzito, yeye ndiyo inamfaa."

Nikasema atakuja. Nilipofika kwenye kona nikacheka peke yangu barabarani, kicheko cha kweli, mpaka bodaboda mmoja akasimama akidhani nimemwita. Fikiria: mtu mzima ana mume Kasulu, mzito kiasi, anaburuza miguu, fundi amemwekea soli. Nilipomsimulia wifi kwenye simu alicheka hadi akakata, akapiga tena, akauliza, "Sasa jina lake nani? Watu watauliza." Tukampa jina. Silisemi.

Tangu hapo hasira imeniisha na imekuja kitu kingine nisichokipenda zaidi. Leo asubuhi nilikuwa naosha vyombo, nikajikuta nawaza kwamba pale sokoni kuna mtu anayeulizia hali ya huyo bwana kila nikipita, anamwekea na soli kabisa. Mimi niliyesimama palepale na vidole vyangu vimekunjwa ndani ya simpo hajaniuliza hali. Nikaacha vyombo nikavaa makobazi. Jamani, yanatembea vizuri. Ngozi imelainika pale kwenye kidole gumba, kisigino hakigongi, na ile sehemu aliyoishona upya haisikiki kabisa. Yule fundi anajua kazi. Kesho nayavaa kwenda ofisini, na kama bosi wa mihuri ana la kusema aliseme kwa maandishi.

Kitu kimoja tu. Baba mwenye nyumba hajaja kuchukua kodi. Wanaomjua wanajua: tarehe moja, kabla ya adhana ya alasiri, yuko mlangoni na lile daftari lake la kijani, mvua inyeshe au isinyeshe. Leo tarehe tano. Simu yake inaita, haipokelewi. Jirani anasema alimwona Alhamisi ameshika ubavu, mwingine anasema hapana, huyo alikuwa mdogo wake. Hela ipo mezani nimeiwekea bakuli juu. Nikitoka kazini kesho nitapitia kwake Bangwe nikaulize.