Tao la Kigoma hadi Tabora

Kigoma, Jumapili jioni.

Ukiitazama ramani, Kigoma na Tabora zimelala karibu kwenye mstari mmoja: Kigoma latitudo 4°53′ kusini, Tabora 5°1′. Ukiziita zote nyuzi 5, mwendo kati yake unakuwa tao la duara.

Kanuni ni fupi. Pembe ya kati gawa kwa 360, zidisha kwa mzingo. Tao ni kipande cha mzingo, basi. Kinachosumbua ni kujua pembe ni ngapi na duara ni lipi.

Longitudo ya Kigoma ni 29°37′ mashariki, ya Tabora 32°48′. Tofauti ni 3°11′, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika 3.11. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo 11 gawa kwa 60 ni 0.183, na pembe ni 3.183. Nukta hiyo iliyokaa vibaya inameza kilometa 8 nzima.

Sasa duara. Nusukipenyo cha Dunia ni km 6,370, lakini latitudo 5 si ikweta. Duara lake ni dogo kidogo: 6,370 mara kosaini ya 5, yaani km 6,346. Mzingo unatoka km 39,872, na tao letu km 352.5. (Kikokotoo kikikupa kosaini 0.28 badala ya 0.996, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi.)

Ukiisahau kosaini utapata karibu km 354. Umekosa kilometa moja na ushei tu, na hicho ndicho kinachonikera katika mfano huu: ukiishi karibu na ikweta, kosa halijionyeshi. Ipeleke pembe ileile Oslo, karibu na nyuzi 60 kaskazini, kosaini inashuka hadi nusu. Tao linakuwa km 177, na aliyesahau bado ana 354 yake.

Reli, kwa upande wake, haina habari na latitudo. Ile ya Wajerumani, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, inapita Kaliua na Uvinza na kuzidi km 400. Kila kona yake ni tao lenye duara lake, na kitovu kiko porini ndani ya miombo, hakuna wa kwenda kukishika. Nusukipenyo kinapatikana palepale relini. Vuta uzi wa mita 20, ncha zote mbili ziguse uso wa ndani wa reli ya nje, kisha pima pengo katikati ya uzi. (Uzi wa kamba, si wa zile nyuzi 360.) Urefu wa uzi uzidishe wenyewe kwa wenyewe, gawa kwa mara 8 ya pengo. Pengo la sentimeta 16.7, yaani mita 0.167, ni nusukipenyo cha karibu mita 300. Uzi ukilegea na pengo likasomeka 17.7, kinashuka hadi mita 282 hivi. Kwa kona ya nyuzi 60, tao la mita 314 linageuka 296. Ndiyo maana hupimi mara moja. Unasogea, unapima tena, unachukua wastani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wakokotoe. Reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, lakini nusukipenyo hakihusiki na tofauti hiyo. Upana wa njia ni mita 1, kona ni nyuzi 60, tofauti ni 60 gawa kwa 360, mara 2 pai, mara 1: mita 1.05. Kona iwe kali au pana, jibu ni hilohilo. Kwenye SGR, reli mpya ya kisasa yenye upana wa milimeta 1,435, inafika mita 1.5. Ukiingia kwenye kona na vipande vya urefu sawa pande zote mbili, mwisho wake viungio vya nje vimebaki nyuma ya vya ndani kwa zaidi ya mita, wala havikabiliani tena.