Siku 3.10 Ilipogeuka 3.1

Oktoba 2021, siku chache baada ya toleo 3.10 la Python, lugha ya kuandikia programu, kutoka, timu yetu ndogo hapa Dar es Salaam ilitaka kujua kama programu ya mteja wetu ingefanya kazi kwenye toleo hilo. Tulikuwa tunatumia GitHub Actions, huduma ya kujaribu kodi yenyewe kwenye seva za GitHub. Ukishapushi kodi, yaani kuituma huko, seva inasoma faili la YAML (muundo wa kuandika mipangilio) lililomo kwenye folda ya .github/workflows, inasimika toleo la Python lililotajwa humo, kisha inaendesha majaribio yote. Orodha ilikuwa na 3.8 na 3.9. Mwenzetu akaongeza 3.10, akakomiti, yaani akahifadhi badiliko kwenye historia ya kodi, akapushi.

Mbili za kwanza zikapita. Ya tatu ikawa nyekundu, na ujumbe ukasema toleo 3.1 halikupatikana. Tukabaki tunatazamana, maana hakuna aliyeandika 3.1, na hilo ni toleo la mwaka 2009. Mwenzetu akafuta mstari, akauandika upya, akapushi. Jibu lilelile. Akashuku kuna Tab imejipenyeza mwanzoni mwa mstari, kwa kuwa YAML haiikubali hapo, akapanga nafasi zote upya. Wapi! Historia ya repo, yaani hifadhi ya kodi yetu, ikaanza kujaa komiti zenye maelezo "jaribu tena", na kila moja ilikula dakika za seva. Repo yetu ilikuwa ya faragha kwenye akaunti ya bure, yenye dakika 2,000 kwa mwezi, na mwezi ulikuwa bado mbichi.

Dada aliyekuwa akiongoza timu akavuta kiti.

"Mdogo wangu, hebu acha kupushi kwanza. Hilo faili umelikagua hapahapa kwenye mashine yako?"

"Nimelikagua, dada. Kikaguzi cha YAML, yamllint, hakijaonyesha kosa lolote."

"Hakiwezi kuona kosa, limeandikwa sawa. Sasa tuone mashine inaelewa nini."

Akafungua terminali, akaandika mstari mmoja wa Python wa kupakia faili kwa yaml.safe_load na kuchapisha kilichosomwa. Katikati ya mabano mengi tukaiona: [3.8, 3.9, 3.1]. Akaigusa ile 3.1 kwa ncha ya kalamu, akanyamaza ili tuielewe wenyewe. Isipowekwa alama za mtajo, 3.10 ni namba ya desimali, na sifuri ya mwisho ya desimali haina thamani, kwa hiyo inadondoka. Akaandika '3.10', akaendesha tena, ikatoka nzima. Hapo ndipo aliporuhusu komiti.

Mimi jicho lilikuwa limenasa kwingine. Neno on, linaloanzisha sehemu ya kusema kazi iendeshwe lini, lilikuwa limechapishwa True. Dada akaeleza kwamba PyYAML, maktaba ya Python iliyosoma faili letu, inafuata YAML 1.1, ambamo on, off, yes na no huhesabiwa kuwa kweli au si kweli. GitHub yenyewe inaisoma on vizuri, kwa hiyo kwetu haikuharibu kitu. Lakini fikiria orodha ya nchi kwa vifupisho: Norway, ambayo ni no, inageuka "si kweli" ilhali faili bado ni sahihi kisarufi. Nilivutiwa sana na hilo, na mpaka leo sioni kwa nini mtu aone uvivu kuweka alama mbili za mtajo.

Jioni ileile nikaandika skripti ya pre-commit, ambayo Git, programu inayotunza historia ya kodi, huiendesha kabla ya kila komiti. Inapakia kila faili la workflows, na ikikuta toleo lililosomwa kama namba inakataa komiti na kutaja faili lenyewe. Niliiweka kwenye folda ya .githooks ndani ya repo, kwa kuwa yaliyomo kwenye .git/hooks, folda ya kawaida ya skripti hizo, hayaendi na repo inaponakiliwa, kisha kila mmoja akaweka kwenye mashine yake mpangilio wa core.hooksPath unaoielekeza Git kwenye folda hiyo ya .githooks. Dada ndiye aliyeijaribu wa kwanza. Akaondoa alama za mtajo makusudi, akakomiti, ikamkatalia. Akazirudisha, ikapita.

"Haya," akasema, "turudi kwenye kazi ya mteja."