Nilivyoendesha uchaguzi wa baraza la wachezaji

Niliandika kwanza mamlaka ya baraza la wachezaji wa mchezo wetu wa mtandaoni, ndipo nikatangaza uchaguzi. LambdaMOO, ulimwengu wa mtandaoni wa maandishi matupu ulioanzishwa na Pavel Curtis katika maabara ya Xerox PARC, unaonyesha kwa nini. Mwaka 1992 wasimamizi wake walitangaza kwamba wanajitoa katika maamuzi ya kijamii na kubaki na ufundi tu. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa wachezaji kuwasilisha hoja na kuzipigia kura. Kufikia 1996 wasimamizi walikuwa wamerudi kuamua, maana mpaka ule haukushikika. Kumfungia mtu akaunti ni amri ya kompyuta, lakini ni hukumu vilevile.

Waraka wangu basi ukawa na mafungu matatu: mambo ambayo baraza linaamua lenyewe, kama kalenda ya mashindano, mambo ambayo lazima liulizwe kabla kazi haijaanza, kama bei, silaha na ada, na yasiyolihusu, yaani usalama wa seva, taarifa za siri za watu na adhabu ya mchezaji mmoja mmoja. Fungu la kati ndilo zito. Wajumbe wakionyeshwa kitu kilichokwisha kutengenezwa, wanabaki kupiga makofi au kununa.

Daftari la wapigakura ndilo lililokula muda. Anayestahili ni mwenye akaunti iliyotimiza siku 30 na kucheza angalau saa 10 katika siku hizo, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku moja kabla ya tangazo. Tarehe ikiwekwa mbele, akaunti mpya zitafumuka usiku uleule. Akaunti za ziada sizisaki kwa anwani ya intaneti peke yake: mitandao ya simu huwapa watu wengi anwani moja, na bweni zima laweza kuonekana kama mtu mmoja. Naangalia mwenendo. Mali inahama upande mmoja tu bila malipo? Akaunti mbili zinaingia na kutoka kwa pamoja kila siku? Zikikutana dalili mbili namwandikia mhusika, na ana siku 5 za kujieleza kabla sijamfuta daftarini.

Kuhesabu nilitumia kura moja inayohamishika: mpigakura anapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea. Katika kura ya kawaida ya viti vingi, kundi kubwa lenye nidhamu linagawa kura zake sawasawa na kuzoa viti, huku wachezaji wasio na kundi wakitawanya zao. Baraza la wachezaji wa EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya angani, lililochaguliwa kwa mara ya kwanza 2008, lilihamia mfumo huu wa kupanga 2013. Makundi makubwa bado hupata viti, na ni haki yao. Wadogo ndio wanaoacha kupoteza kura bure.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawa kura halali kwa idadi ya viti kuongeza 1, ondoa desimali, kisha ongeza 1. Kura 240 kwa viti 5 ni 240 kugawa kwa 6, yaani 40. Kizingiti, yaani kura zinazotosha kumpa mgombea kiti, ni 41. Mgombea A akipata 60, ziada yake ni 19, na kila karatasi yake inaendelea kwa chaguo la pili ikiwa na thamani ya 19/60, karibu 0.317. Kama karatasi 30 zilimweka B wa pili, B anaongezewa 9.5. Pasipo na ziada ya kugawa, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahama kwa thamani zilizonazo. Usichukue karatasi 19 kwa kuokota: ukirudia zoezi unaweza kupata mshindi mwingine, na hapo hutamtuliza mtu.

Baada ya matokeo kila mtu anadai faili zima la kura. Sikulitoa. Wagombea wakiwa 20, mnunuzi wa kura anaweza kumwagiza mtu apange majina ya chini kwa mfuatano wa ajabu, kisha autafute mfuatano huo kwenye faili kama saini ya mtu huyo. Nilitangaza jumla za kila raundi, na wakaguzi wawili waliopendekezwa na wagombea wakahesabu upya kutoka faili lisilo na majina ya wapigakura.

Wajumbe wanasaini mkataba wa usiri, na hapo kuna mtego: anayejua kwamba chuma cha mchezoni kitapanda bei wiki ijayo atakinunua leo. Biashara za akaunti zao zote zinaandikwa, na bidhaa inayojadiliwa hawaigusi mpaka mabadiliko yatangazwe. Muhtasari wa kikao unatoka ndani ya siku 14, na mambo ya siri yanaachiwa nafasi tupu yenye tarehe yatakapofunuliwa. Watengenezaji wanajibu kila pendekezo kwa ndiyo, hapana au baadaye, pamoja na sababu. “Tumelipokea” halihesabiwi kuwa jibu.

Mjumbe akijiuzulu siitishi uchaguzi mdogo, kwa sababu kiti kimoja kinarudisha ushindi kwa kundi kubwa. Nahesabu upya kura zilezile jina lake likiwa limeondolewa, waliobaki wakilindwa viti vyao, na kwa ajili hiyo faili la kura linatunzwa mpaka muhula uishe.