Kurasa za Njugu

Kitabu cha mazoezi ya mtihani nilikinunua shilingi mia mbili na hamsini kwenye barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, Februari 2012. Mwuzaji alikuwa ametandika gunia kandokando ya njia, vya shule huku, vya dini kule, na hicho kimekaa peke yake kama mgeni asiyejua msiba ni wa nani. Kilikuwa kinene kama tofali. Jalada lilikuwa limenyofoka pamoja na kurasa za kwanza, ukiwemo ule wa mwaka wa kuchapishwa. Alitaka mia nne. Nilipofanikiwa kumshusha hadi mia mbili na hamsini nikaondoka nikijiona mjanja, wala sikumuuliza cha mwaka gani.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya upili upande wa Ahero, na hamu yangu ilikuwa kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili. Vyuo nilivyoviandikia vilitaka matokeo ya GRE, mtihani wa wanaoomba masomo ya uzamili, unaotungwa na ETS, shirika la mitihani la huko huko Marekani. Hesabu haikunitisha. Kilichonikosesha usingizi ni msamiati wa Kiingereza. Ni kweli nilikuwa nimesoma na kufundisha kwa lugha hiyo miaka nenda miaka rudi, lakini Kiingereza cha fizikia hakina wachoyo, wambea wala wanafiki. Mpira ukidondoka unadondoka tu, hauna nia mbaya.

Basi nikakata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa karata, neno upande mmoja, kinyume chake upande wa pili, nikavifunga kwa raba. Matatu ya asubuhi ndiyo ikawa darasa langu. Kutoka stendi hadi Nyamasaria, maneno kumi. Nyamasaria hadi Rabuor, kumi mengine. Tukianza kuona mashamba ya mpunga ya Ahero nilikuwa narudia yale yaliyonishinda. Kondakta mmoja aliniangalia siku tatu mfululizo, ya nne akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, mbona unacheza karata peke yako? Mwenzako ni nani?"

Kitabu kilipenda vinyume. Neno moja kwa herufi kubwa, chini yake matano, nawe utafute linalolipinga. Nami nikavipenda, maana vilikuwa na usafi wa hesabu: hasi huku, chanya kule. Baada ya vinyume zikaja jozi za kulinganisha, neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi. Nilizimaliza zote. Nyingine nilizimaliza mara mbili.

Maneno yenyewe yalikuwa na hila. Liko moja, enervate, ambalo kwa sikio langu lilikuwa ndugu wa energy, kwa hiyo bila kugeuza kadi nikaamua maana yake ni kutia nguvu. Siku moja saa nne, uji ulipoletwa katika ofisi ya walimu, nikatangaza kwa sauti kwamba uji huu "una-enervate" kweli kweli. Mwalimu wa Kiingereza akaweka kikombe chini. Akanieleza taratibu, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba neno hilo limetoka Kilatini, kwamba ndani yake mna nervus, yaani kano, na kwamba ile e ya mwanzo ni ya kutoa. Kumkata mtu kano. Kumlegeza, kummaliza nguvu. Nilikuwa nimeutukana uji mbele ya mpishi, bahati yake hakujua. Mpaka leo joto la saa nane likinishika nalikumbuka neno hilo kabla sijakumbuka maji.

Mei nikaenda saiba, ile ya kulipa shilingi moja kwa dakika, kupakua programu ya mazoezi ambayo ETS wenyewe walikuwa wakiitoa bure. Ilishuka polepole, nami naangalia saa zaidi ya kioo. Ilipofunguka nikatafuta vinyume. Havikuwepo. Nikatafuta jozi za kulinganisha. Hazikuwepo. Nikadhani nimefungua mtihani wa watu wengine, mpaka niliposoma maelezo: GRE ilibadilishwa tarehe 1 Agosti 2011, vinyume na milinganisho vikafutwa. Hata alama za zamani, zile za 200 hadi 800, zilikuwa zimegeuka 130 hadi 170. Mtihani niliokuwa nausomea ulikuwa umekufa miezi sita kabla sijanunua kitabu. Na ada nilikuwa nimeshalipa.

Badala ya vinyume palikuwa na sentensi yenye pengo na maneno sita, kila moja na kisanduku chake cha mraba. Unachagua mawili, na yote mawili lazima yaifanye sentensi iseme jambo lile lile. Ukipata moja ukakosa la pili, hupewi hata nusu alama. Ubaya wake ni kwamba kati ya yale sita mara nyingi mna jozi inayofanana lakini haikai kwenye pengo, na lingine linalokaa vizuri kabisa ila halina mwenzake. Mimi nilijua kila neno linamchukia nani. Rafiki yake ni nani, hilo ndilo sikuwahi kujiuliza.

Jioni ile sikuingia ndani. Nilikaa kwenye kibao cha mama aliyekuwa akiuza njugu karanga langoni mwa ploti yetu, Manyatta. Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaolewa Kisumu na mfanyakazi wa reli, na Kiswahili chake hakikuwahi kupanda treni kuja huku pamoja naye; kilibaki kule kule, kizima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefukuzwa kazi?"

Nikamweleza. Hakuelewa kwa nini mtu mzima atahiniwe maneno, lakini alisikiliza huku akigeuza njugu kwenye chumvi ya moto. Nikamuuliza kwa mzaha, mtu asiyetaka kutoa pesa yeye humwita nani?

"Yupi?" akauliza.

"Yeyote."

"Hakuna yeyote, Mwalimu. Bahili anazo na hatoi, hata akiugua mwenyewe. Huyo ndiye mkono wa birika. Mchoyo ni wa chakula, akisikia hodi anafunika sufuria. Na mwekevu je? Mwekevu hana ubaya, anajua kesho ipo. Ukiniita mimi mwekevu nitakuongeza njugu. Niite bahili uone."

Sikumjibu. Nilichomoa kadi zangu mfukoni nikazitandaza kwenye kibao. Parsimonious na miserly, za ubahili, nikaziweka upande mmoja, frugal na thrifty, za uwekevu, upande wa pili. Katika kitabu zote nne zilikuwa zimerundikwa pamoja kama kinyume cha ubadhirifu, na kwa kinyume ni sawa. Lakini sentensi inayomsifu mtu haiwezi kumpokea bahili, hata kama pesa iliyobaki mfukoni ni ile ile.

Tangu siku hiyo nikawa nampelekea maneno kila jioni. Mimi namweleza mtu, yeye anamkatia jina. Msemaji, mropokaji na domokaya akawatenganisha watatu, akanionya nisimweleze chochote yule wa mwisho. Mkimya kwa tabia na aliyenyamaza kwa hasira, hao nao mbali. Kadi nikaziandika upya, si kwa vinyume tena bali kwa koo, kila ukoo na raba yake, na pembeni neno la Mama kwa kalamu nyekundu. Mengine hayakuwa na ukoo. Kwa pedantic, mtu anayeng'ang'ania vijambo vidogo vidogo vya usahihi, alinipa hadithi nzima ya shemeji yake, nikaandika "shemeji" nikaendelea.

Agosti nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi. Mtihani wenyewe sina mengi ya kusimulia: chumba cha baridi, sehemu mbili za maneno, maswali ishirini kila moja kwa nusu saa, na jirani aliyekuwa akivuta makamasi. Nilipata 157. Ilitosha.

Niliporudi, kile kitabu nilikipasua. Kurasa za kusoma na kujibu nikampa mwenzangu shuleni. Za vinyume, zaidi ya mia, nikampelekea Mama akazifanye bahasha za njugu, kwa sababu karatasi zake za magazeti zilikuwa zinaacha wino kwenye vidole.

Wiki chache baadaye nikapita nikitoka kazini. Akanikunjia ya shilingi kumi, akajaza, kisha akaigeuza kwenye mwanga wa kibatari.

"Hili kubwa hapa juu linasemaje?"

Nikasoma. LUGUBRIOUS. Nikamwambia ni mtu mwenye huzuni, lakini huzuni iliyopita kiasi, ya kujionyesha, mpaka inakaribia kuchekesha.

"Aa," akasema, akaongeza njugu tatu juu. "Uso wa matanga, na hajafiwa."