Mpira wa miezi 14

Aliyenusa kwanza ni mtoto wa kaka yangu. Yeye alikuwa nyuma ya usukani, mimi nahangaika na komeo la geti, nikasikia injini imezimwa ghafla.

"Shangazi, petroli."

Nikamwambia gari hilo limezaliwa likinuka petroli, awashe twende.

"Siyo hii," akasema, na mguu mmoja ulikuwa tayari chini.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 1978, injini ya petroli ya cc 2286, kabureta ya Zenith. Ukikaa na gari la namna hii unazoea harufu zake kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani, na mazoea hayo ndiyo hatari yenyewe. Kijana hajazoea, kwa hiyo pua yake ilikuwa nzima kuliko yangu.

Tukafungua boneti. Kwenye mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta palikuwa na tone moja limening'inia upande wa chini, pale unapopinda. Linanenepa, linatetemeka, linadondoka, kisha jingine linaanza. Sasa kwenye injini hii kabureta na ekzosi viko upande mmoja, manifoldi moja imekaa juu ya nyingine. Yaani lile tone lilikuwa linaangukia kwenye chuma cha ekzosi. Bahati injini ilikuwa bado ya baridi, ndiyo kwanza tumeiwasha. Nusu saa baadaye, mlimani, na gia ya pili, sitaki kuifikiria.

Kilichoniuma ni kwamba mpira ule haukuwa wa zamani. Nina daftari la gari, kila ninachofunga nakiandika na tarehe. Nikalifungua: miezi 14. Niliufunga mwenyewe, kwa sababu ule uliokuwepo niliuona umechakaa kwa sura. Kuchakaa kwa sura tu, maana ulikuwa hauvuji.

Nikaung'oa, nikaukunja kati ya vidole viwili. Ngozi ya nje ikafunguka nyufa kama matope ya bwawa lililokauka, nyingine za kina cha kuingiza ukucha. Nikachukua wembe nikaupasua kwa urefu. Ndani ulikuwa mgumu, hauna mng'aro, na nyufa za ndani zilikuwa zimeshakutana na zile za nje katika sehemu tatu. Kwa udadisi nikaenda kwenye kopo ninalotupia mabaki, nikautoa ule mpira wa zamani nilioutoa miezi 14 kabla yake. Nikaukunja. Ukapinda, ukarudi. Hakuna hata ufa mmoja.

Nilikaa chini pale pale, mkono mmoja mpira kijana, mkono mwingine mpira mzee, na mzee ndiye mwenye afya.

Sasa tuje kwenye maandishi, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye ubavu wa ule mpira mpya kulikuwa na herufi nyeupe, safi kabisa: SAE J30 R9. Kwa asiyejua, hizo ni daraja za mipira ya mafuta. R6 na R7 ni za shinikizo dogo, mambo ya kabureta. R9 ni ya magari ya sindano (injekta badala ya kabureta), ambako petroli inasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa vipimo vidogo inatakiwa kuvumilia psi 100. Pampu yangu ya petroli, inayosukumwa na kemshafti ya injini, haifikishi hata psi 5. Kwa hiyo mpira haukuzidiwa na kazi. Umekufa kitandani.

R9 ya kweli ina utando mwembamba wa ndani wa fluoroelastoma, ile familia ya mpira ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Viton. Utando huo ndio unaozuia petroli isilambe mpira wa kawaida ulio nyuma yake. Ukiukata mpira vizuri kwa wembe mkali na kuutazama mdomo wake kwenye mwanga, mara nyingi unaona tabaka: utando, mpira, nyuzi, kisha ngozi ya nje. Mimi wangu niliutazama kwa miwani ya kusomea na kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa mweusi mmoja mtupu kutoka ndani hadi kwenye nyuzi. Aliyeuchapa zile herufi alikuwa na wino, hakuwa na fluoroelastoma.

Nilimwandikia muuzaji. Jina lake nalihifadhi. Alijibu kwa adabu kwamba huenda ni mzigo mmoja uliokuwa na shida, na kwamba siku hizi petroli ina ethanoli. Hilo la pili ndilo jibu la kila mtu. Ni kweli ethanoli ipo. Uingereza kwa mfano petroli yao ya kawaida ilihamia E10, yaani hadi asilimia 10 ya ethanoli, mnamo Septemba 2021. Na ni kweli inasumbua mpira wa aina za zamani: inaingia, inauvimbisha, inayeyusha vilainishi vilivyochanganywa humo ili mpira uweze kupinda. Gari likisimama wiki kadhaa mafuta yakakauka ndani ya mpira, vilainishi haviko tena, mpira unasinyaa, unakakamaa, unapasuka. Ndiyo maana gari linalokaa sana linaharibu mipira kuliko linalotembea kila siku. Lakini E10 si siri. Anayechapa R9 kwenye mpira anajua utapitisha nini. Kumsingizia ethanoli ni kama fundi paa kulalamika kwamba mvua imenyesha.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo nyumbani wamenicheka nalo mpaka leo. Nilinunua mipira mitatu kutoka sehemu tatu tofauti, yote imeandikwa vizuri. Nikakata kipande cha milimita 50 kutoka kila mmoja, nikakitia kila kimoja kwenye chupa yake ya kioo yenye petroli ile ile ninayoweka kwenye gari, nikafunga vifuniko, nikaziweka nje kabisa kwenye kivuli, mbali na moto na mbali na watu. Wiki nne.

Chupa ya kwanza petroli iligeuka rangi ya kahawia iliyokolea, kama maji ya magome. Kipande kikawa kimerefuka hadi milimita 54 na kimelegea kama sikio la mbuzi. Nikakitoa, nikakiacha kikauke juani siku kadhaa: kikarudi milimita 48, kigumu, na nilipokikunja kikatoa sauti. Ile rangi ya kahawia ndiyo vilainishi vyenyewe, uhai wa mpira umebaki kwenye chupa. Chupa ya pili ilibadilika kidogo. Ya tatu petroli ilibaki ilivyo na kipande kilibaki milimita 50 na nywele. Huo wa tatu ndio uliofungwa kwenye gari sasa. Haukuwa na maandishi mazuri kuliko wenzake. Tofauti pekee niliyoiona kwa macho ni kwamba ulichapwa robo ya mwaka na mwaka uliotengenezwa, na ukiukata tabaka zinaonekana.

Tarehe hiyo ni jambo ambalo wapenzi wa magari ya zamani tunalipuuza kwa makusudi. Tunapenda sana kupata kipuri cha enzi zile, kimo ndani ya boksi lake, hakijaguswa. Kwa gia sawa. Kwa taa sawa. Mpira ni kitu kingine. Mpira unazeeka ukiwa umelala: hewa ya ozoni inaukata, joto linaupika, na boksi halimzuii mmoja wala mwingine kwa miaka 40. Nimewahi kufungua mpira wa aina hiyo, mzuri wa kupiga picha, nikauvalisha kwenye paipu ukapasuka mdomo kabla sijaikaza klipu.

Klipu nazo, kwa kupita tu: zile zenye mkanda uliotobolewa matundu zinatafuna mpira laini wa petroli kupitia matundu yale yale. Kwa mpira mdogo wa mafuta tafuta zenye mkanda laini zinazokaza kwa bolti ndogo. Na usikaze mpaka mpira utokeze pembeni. Nimesema.

Petroli ndiyo inayotisha watu, lakini mpira ulionipotezea siku nyingi zaidi ni wa maji. Gari lilianza kupanda joto nikiwa mwendo mrefu, na nikisimama linapoa. Kinyume cha kawaida. Feni mbovu huwa inakusumbua zaidi ukiwa kwenye foleni. Fundi akabadili thamostati. Hakuna. Tukasafisha rejeta. Hakuna. Siku moja nikamwambia kijana akae ndani akanyage mafuta injini ikiwa imeshapata moto, mimi niinamie mbele. Akakanyaga. Nikauona mpira wa chini wa rejeta unajifyonza, unabonyea tumbo kama mtu anayevuta soda kwenye mrija ulioziba, mpaka ukabaki bapa. Akaachia, ukajaa tena. Pampu ya maji inavuta kutoka upande ule, na mpira ukiwa laini kupita kiasi kuta zake zinakutana. Injini inazunguka kwa kasi, maji hayapiti.

Baadhi ya mipira ya chini ya zamani ilikuwa na springi ya waya ndani kwa kazi hiyo hiyo, kuzuia usibonyee. Anayetengeneza wa kubadilishia anaona springi ni gharama tu, anaiacha. Wangu ulikuwa na umbo sahihi, vipimo sahihi, mikunjo sahihi, ila ulikuwa laini kama soksi. Nilipata springi ya chuma kisichoshika kutu ya kipenyo kile, nikaisokomeza ndani ya mpira mwingine mgumu zaidi. Tangu siku hiyo mshale wa joto umelala.

Na mipira ya maji isihukumiwe kwa macho. Mingi siku hizi ni ya EPDM, aina ya mpira wa viwandani, ambayo nje inaweza kubaki nyeusi na nzuri huku ndani inaliwa. Maji, mpira na vyuma vya injini hufanya kitu kama betri dhaifu, na mkondo huo unachimba mpira kutoka ndani, zaidi karibu na ncha. Injini ikiwa baridi, finya kwa kidole gumba na cha shahada karibu na klipu, kisha finya katikati. Ukihisi tofauti, karibu na klipu pakawa pamelegea au kuna mfereji chini ya kidole, ubadili. EPDM hiyo hiyo ukiigusisha oili au petroli inavimba, kwa hiyo mpira wa maji usigeuzwe wa mafuta hata kama kipimo kinakubali. Kuna watu wamefanya.

Breki nitasema kwa ufupi kwa sababu iliisha vizuri. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linashika na haliachii, drami inachemka. Kila mtu akasema silinda. Tukapiga jeki, nikakanyaga pedali nikaachia, gurudumu likagoma kuzunguka. Fundi akalegeza ile nati inayounganisha paipu ya chuma na mpira, upande wa juu: gurudumu bado limeshika. Akaifunga, akafungua nipo ya kutolea hewa kwenye gurudumu: yakaruka mafuta kidogo, gurudumu likazunguka kwa kidole. Basi mkosaji yuko katikati ya sehemu hizo mbili, na katikati hakuna kitu zaidi ya mpira. Ndani ulikuwa umevimba ukawa kama mlango wa upande mmoja: mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za breki hazina nguvu ya kuyarudisha. Nje ulikuwa mpya. Umri wake, miaka 3.

"Shangazi, sasa tuamini nini?" kijana akauliza huku anafuta mikono.

Nikampa kalamu ya rangi nyeupe, nikamwambia aandike tarehe ya leo kwenye kila mpira tunaoufunga. Sasa chini ya boneti kuna tarehe kila mahali, kama makaburi. Kila baada ya miezi 3 anapita nayo, anakunja, anafinya, ananusa, ana kitambaa cheupe anachokipitisha chini ya kila klipu ya petroli. Kazi ya dakika 20. Pembeni ya kabureta kuna kizimamoto, ambacho nilikifunga siku ile ile ya lile tone, kabla hata ya kunywa maji.

Umebaki mmoja, mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia petroli na tangi. Nimeshajaribu miwili. Wa kwanza ulilegea, wa pili unatoka jasho: hauvuji, lakini ukipitisha kitambaa asubuhi kinanuka, na tangi lenyewe liko chini ya kiti. Kipande cha wa tatu kiko kwenye chupa nje sasa hivi. Wiki ya pili, na petroli bado ni nyeupe.