Nilivyomaliza tatizo la kupotea nikirudi, Mji Mkongwe

Shida ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni kurudi. Ukigeuka, kona ile ile ina sura nyingine, na nyumba ndefu huzuia mawimbi ya setilaiti, ramani ya simu ikakuonyesha uko kichochoro cha jirani. Dawa iliyonifaa: kila penye njia panda nasimama, nageuka nyuma, natazama kama sekunde tano, kisha nachagua kitu kimoja kisichohama. Muuza urojo hafai, baadaye hayupo. Mlango wa nakshi unafaa sana, ila ipo mingi, kwa hiyo shika alama yake: juu una upinde au umenyooka, misumari ya shaba ipo au haipo. Halafu tamka, “Upinde, nikirudi nakata kulia.” Katikati ya njia usikariri chochote, penye kupotezea watu ni njia panda.